Nauli ya Mbalamwezi

Mwezi unapopevuka juu ya Ziwa Victoria, wavuvi wa dagaa wa kisiwa cha Goziba hukosa kazi ya usiku. Dagaa hufuata taa, na ziwa zima likishaangaziwa na mwezi, taa ya mvuvi haiwavuti tena. Hapo nyavu huanikwa, injini husafishwa, na vijana waliokuwa wakilala mchana kwa wiki nzima huoga, huvaa shati safi na kupanda boti. Wengine huelekea Bukoba, wengine Kamachumu, wengine Ukerewe au Musoma. Wanakwenda kwa wake zao, kwa mama zao, kwenye misiba iliyotokea wakiwa majini. Baada ya siku chache giza hurudi, nao hurudi pamoja nalo.

Mdadisi wa takwimu akifika kisiwani katikati ya giza na kuuliza kaya imetumia shilingi ngapi kwa safari ndani ya siku saba zilizopita, atajibiwa kuwa haikutumia kitu. Akifika mwezi unapoanza kumeguka, nyumba hiyohiyo itamtajia nauli nne. Watu ni walewale, umaskini wao ni uleule na ukarimu wao ni uleule. Kilichobadilika ni anga. Kwa hiyo, kabla hajajua hesabu yoyote, mdadisi wa visiwani hana budi kuujua mwezi.

Kazi hiyo ya kupiga hodi na kuuliza watu wanatumiaje fedha zao niliifanya ujanani, katika visiwa vya wilaya ya Muleba. Tangu hapo sijaona kazi inayodai adabu, subira na usikivu kwa kiasi kile, na ambayo hutajwa kwa nadra namna ile. Habari ikitangazwa kuwa kaya hutumia asilimia fulani kwa usafiri, msikilizaji hudhani kuna mashine mahali fulani iliyopima. Mashine haipo. Yupo mtu aliyekaa kwenye kigoda, dodoso likiwa gotini, akisubiri mwenzake akumbuke.

Namkumbuka mama mmoja niliyemkuta akigeuza dagaa wake juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Tulipofika sehemu ya safari nikasoma swali kama lilivyochapwa: katika mwezi mmoja uliopita, kuna mwanakaya yeyote aliyesafiri?

"Hatujasafiri, mwanangu. Pesa ya kusafiri tungeitoa wapi?"

Nikaandika sifuri, nikaendelea. Jioni msimamizi wangu alilipitia dodoso kwa mwanga wa tochi, akafika ukurasa wa michango, akaona rambirambi iliyotolewa kwenye msiba huko Kamachumu. Akaniuliza swali moja tu: "Fedha hii ilivukaje maji?" Sikuwa na jibu. Asubuhi nikarudi.

"Mama, nisamehe kwa kukusumbua tena. Ile rambirambi mliituma kwa simu?"

"Machozi hayatumwi kwa simu, mwanangu. Nilipeleka mwenyewe."

"Kumbe ulisafiri."

"Sikusafiri. Nilivuka, nikazike."

Yote yalikuwa ndani ya neno hilo. Kwake, kusafiri lilikuwa jambo la watu wenye begi: basi la usiku, Dar es Salaam, ndege. Kuondoka kisiwani kwenda nchi kavu kulikuwa kuvuka, na kuvuka hakukuwa safari hata kama kulichukua siku tano. Nilipolishika neno lake, mlango ulifunguka. Nauli ya boti. Pikipiki kutoka mwaloni. Chai na maandazi njiani. Kanga mpya, maana kwenye msiba wa kaka huendi na ya kuanikia dagaa. Malazi hakulipia hata senti, kwa sababu alilala kwenye majani pamoja na wafiwa wenzake. Alikwenda na ndoo ya dagaa, akarudi na mkungu wa ndizi aliopewa bure, na mwenye boti akamtoza mzigo kwa mkungu huo. Alikuwa ametumia fedha nyingi kuliko zote alizonunulia sabuni, mafuta ya taa na chumvi mwezi ule. Katika dodoso langu la jana yake, mwanamke huyo hakuwa ametoka nyumbani.

Mtu atasema basi kila mdadisi auulize kila mji kwa lugha yake. Hapana, na hapa ndipo ufundi ulipo. Swali husomwa neno kwa neno kama lilivyoandikwa, maana mdadisi wa Goziba akilipinda huku na wa Ngara akalipinda kule, majibu mawili hayawezi kujumlishwa tena. Ila baada ya kulisoma, mdadisi anaruhusiwa kudodosa, yaani kumsaidia mtu aifikie kumbukumbu yake bila kumtilia jibu mdomoni. Hakuna msiba? Hakuna mgonjwa aliyepelekwa hospitali? Mtoto aliyerudishwa shule? Mwali? Mkono mmoja unashika kanuni, mwingine unamshika mtu. Wadadisi wazuri niliowaona waliweza yote mawili, na mwenyeji hakuhisi kuvutwa.

Watu huuliza pia: nyumba kumi na mbili zitasemaje habari za kisiwa kizima? Jibu nililipata mwaloni. Mnunuzi wa dagaa hamwagi kila gunia chini. Lakini haridhiki na dagaa wa juu, kwa kuwa muuzaji anaweza kuwa ameweka juu wale weupe, waliokaukia kwenye vichanja, na kuficha chini waliovunda na wenye mchanga. Hutumbukiza mkono hadi kiwiko, pahali ambapo muuzaji hakumchagulia. Sampuli ni mkono huo. Kwanza kaya zote za eneo huorodheshwa, timu ikizunguka na mwenyekiti wa kitongoji mlango kwa mlango. Kisha bahati nasibu huamua pa kuanzia. Mwenyekiti angependa uende kwa mwenye duka, anayeongea vizuri na aliye na viti. Orodha inakupeleka kwenye banda la mwisho, juu ya mwamba, na huna ruhusa ya kulibadilisha kwa sababu jua ni kali.

Katika banda hilo unakutana na fumbo jingine. Kaya kwa watakwimu wa Tanzania ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Wazee wangesema watu wa chungu kimoja. Kambini wapo vijana sita, kila mmoja na kwao, wote wakila ugali kwenye sinia moja. Je, hii ni kaya? Na huyu mwenye mke Muleba, anayempelekea fedha kila mbalamwezi, ahesabiwe wapi? Akihesabiwa hapa, kwenda kwake kwa mkewe ni safari. Akihesabiwa kule, safari ni huku kisiwani kwenye kazi. Mapendekezo ya kimataifa ya takwimu za utalii ya mwaka 2008 humtambua msafiri anayehesabiwa kuwa mgeni kwa kutoka nje ya mazingira yake ya kawaida. Kwa karani wa benki wa Bukoba mjini mazingira hayo yanachorwa kwa urahisi. Kwa mvuvi ambaye nusu ya maisha yake iko juu ya maji, mdadisi hulazimika kuketi na kuuliza taratibu: ulilala wapi usiku wa jana, na usiku mwingi wa mwaka huu umelala wapi?

Kagera, mkoa wetu, ina heshima kubwa katika ufundi huu, na nasikitika kwamba wenyeji wengi hawaijui. Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na wasomi wa Muhimbili walizitembelea mara kwa mara kaya zaidi ya 900 za mkoa huu ili kupima athari za vifo, wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza miji yetu. Mwaka 2004 timu iliyokuwa na makao Bukoba ilianza kuwatafuta watu walewale. Vijana walikuwa wameoa, mabinti wameolewa, wengine wamehamia Mwanza, Dar es Salaam hata Uganda. Wadadisi waliwafuata huko kwa kuuliza majirani, shangazi, mashemeji, na kaya 900 zikawa zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 wakawatafuta tena. Kwa kuwafuata waliohama, watafiti walikadiria kwamba kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia kuliko kama wangebaki kijijini. Kila mhamaji kati ya hao ndiye sababu ya nauli za leo, kwani Krismasi ikikaribia ndiye anayejaza mabasi kurudi kwenye kibanja cha baba yake.

Bukoba hiyohiyo ndiko alikofanyia kazi Joachim De Weerdt, ambaye pamoja na Kathleen Beegle, Jed Friedman na John Gibson alifanya jaribio la kutia hofu ofisi yoyote ya takwimu. Katika vijiji 168 vya Tanzania, mwaka 2007 na 2008, waligawa kwa bahati nasibu namna nane za kuuliza matumizi. Kaya nyingine ziliulizwa za siku 7, nyingine za siku 14, nyingine zikaulizwa mwezi wa kawaida huwa mnatumia nini, na nyingine zikapewa daftari ziandike zenyewe. Nchi moja, kipindi kimoja, majirani wa kijiji kimoja. Hata hivyo namna moja ya kuuliza ilionyesha chini ya nusu ya watu ni maskini, na nyingine ikaonyesha karibu theluthi mbili. Swali la mwezi wa kawaida ndilo lililochosha zaidi, na si ajabu. Kisiwani Goziba mwezi wa kawaida ni upi? Wenye giza au wenye mwanga?

Kumbukumbu ya safari ina ugonjwa wake pia. Mvua ikishanyesha na hewa ikatakata, kisiwa cha Bumbire huonekana karibu kana kwamba ukiita utaitikiwa. Umbali haukupungua hata hatua moja. Safari kubwa hufanya hivyo moyoni. Mtu aliyekwenda kumzika mama yake miezi mitatu iliyopita atakuapia ilikuwa mwezi jana. John Neter na Joseph Waksberg walilipima jambo hili Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1964, wakitumia gharama za ukarabati wa nyumba: mambo mazito yalivutwa mbele na kuingia katika kipindi kilichoulizwa. Sisi tulijifunza kufunga muda kwa vigingi. Ilikuwa kabla ya msimu wa senene au baada? Kabla ya Pasaka? Katika giza hili au lile lililopita? Mvuvi anaweza kusahau tarehe, giza hasahau.

Na hata ukishaipata safari nzima, makaratasi huichinja vipande. Katika utafiti wa matumizi ya kaya, nauli huingia kwenye usafiri, chai ya njiani kwenye vyakula vya hotelini na mgahawani, kanga kwenye mavazi, na rambirambi hutolewa kabisa kwa kuwa si matumizi bali ni fedha iliyohamia kaya nyingine. Kila kipande kimekaa mahali pake halali, ila safari ya mama yule imepotea. Ndiyo maana India, nchi ambayo Prasanta Chandra Mahalanobis aliijengea utafiti wa sampuli wa taifa tangu mwaka 1950, ilifanya tafiti za pekee za safari za ndani, mwaka 2008–09 na tena 2014–15, zikiulizia safari kwa safari: nani alikwenda, kwa nini, usiku ngapi, alitoa nini. Natamani siku moja swali hilo liulizwe hivyo mialoni kwetu. Tunahesabu kwa makini wageni wanaokuja kuona simba, na ni haki. Aliyevuka akazike naye ameijaza boti, amemlipa bodaboda, amenunua maandazi.

Sihitaji kumweleza mtu wa Bukoba gharama ya kutokuhesabu. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, mamia ya familia zililia, na mpaka leo idadi kamili ya waliokuwamo inabishaniwa.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya kazi yake kwa mwaka mzima, na nadhani uamuzi huo una hekima kuliko kanuni nyingi za vitabuni. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulipangiwa kaya 9,552 katika maeneo 796, kumi na mbili kila eneo, ukaenea miezi kumi na miwili ili mavuno na njaa, sikukuu na siku za kawaida, giza na mbalamwezi, vyote vipate zamu. Kila kaya iliandika daftari la matumizi kwa siku 14. Katika utafiti wa 2011/12 ziliandika siku 28. Wapo wanaosikitikia zile siku 28, kwa maana karibu mwezi mzima hukaa humo. Nami nasikitika pamoja nao. Lakini nimeona jinsi maandishi yanavyofifia kuanzia wiki ya tatu, mistari ikipungua siku baada ya siku, si kwa kuwa watu wameacha kununua bali wamechoka kuandika.

Siku ya kuondoka kisiwani tulipanda boti alfajiri, mwezi ukiwa bado juu, mpevu. Vijana wa kambi ya mwambani walikuwamo, wamenyoa. Karibu na injini aliketi yule mama, ndoo ya dagaa katikati ya miguu, anakwenda kwenye arobaini. Kondakta alipita akikusanya nauli. Mama alilipa, akaingiza mkono kifuani akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa kipande cha uzi wa nyavu, akaufungua polepole ili maji yasiingie. Ndani mlikuwa na daftari letu na penseli. Akaliweka juu ya mfuniko wa ndoo.

"Mwanangu," akaniita kwa sauti kuishinda injini, "leo tarehe ngapi?"

Nikamtajia. Akaandika nauli, kisha chini yake, kwa herufi kubwa, akaandika: NDOO.