Uso wa Ana Haukuigizwa

Kuna sura moja katika filamu ya Kihispania ya mwaka 1973, El espíritu de la colmena (Roho ya Mzinga wa Nyuki), ambayo ningependa kila mwanafunzi wa filamu hapa Bagamoyo aitazame kabla hajashika kamera. Ni sura ya Ana Torrent, binti wa miaka sita, akiangalia sinema katika ukumbi wa kijiji. Kwenye skrini, jitu la Frankenstein limekutana na mtoto wa kike kando ya ziwa. Mtoto yule hakimbii, bali analipa jitu ua. Ana anasogea mbele kidogo, kinywa wazi, macho hayapepesi. Ni sekunde chache tu. Mwongozaji wake, Víctor Erice, amesema kwamba katika kazi zake zote hajapata kunasa kitu bora kuliko hicho. Nakubaliana naye, na nataka kueleza kilivyonaswa, kwa kuwa njia yake haidai fedha nyingi na inatufaa mno sisi wa Pwani.

Hadithi yenyewe ni ya mwaka 1940 au karibu na hapo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vimekwisha na Jenerali Franco ameishika nchi. Lori linaingia kijiji cha Hoyuelos, katika nyanda kavu za Castilla, likiwa limebeba filamu. Watoto wanalikimbilia kwa shangwe, na watu wazima wanabeba viti kutoka majumbani kwenda ukumbini. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa sana hapo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri mkoani Tanga, Waingereza Notcutt na Latham waliendesha mradi wa kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, kisha wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Magari ya sinema yaliendelea kuzunguka vijijini hata baada ya Uhuru. Lori la Erice tunalijua, ila hatujalitengenezea filamu yetu.

Sasa ufundi. Njia iliyozoeleka ni kumketisha mtoto mbele ya kamera, kumwelekeza mahali pa kutazama, kisha kumwambia "shangaa" au "ogopa". Mtoto hukunja uso, hutoa macho, nasi tukashukuru kwamba sini imepita. Erice hakumwagiza Ana chochote. Aliionyesha kweli filamu ya James Whale ya mwaka 1931 mle ukumbini, mbele ya watoto na wanakijiji. Mpigapicha mkuu, Luis Cuadrado, akaitoa kamera kwenye miguu yake mitatu, akaketi nayo sakafuni mbele ya Ana, ikiwa mkononi. Ana akaliona jitu kwa mara ya kwanza, na kamera ikamwona Ana akiliona. Kilichonaswa si uigizaji, ni tukio.

Nguvu ya picha hiyo inatokana pia na yote yanayoizunguka. Filamu karibu nzima imepimwa kwa rula: kamera imetulia, fremu zimenyooka, watu wanaingia na kutoka kwa utaratibu. Ndani ya mpangilio mkali namna hiyo, picha moja ya mkononi isiyo na agizo inapasua kila kitu. Anayedhani siri ni kuachia kamera icheze muda wote atakuwa ameelewa nusu tu. Erice alijua pa kukaza na pa kulegeza, na alilegeza pale tu ambapo ukweli usingeweza kupangwa.

Maandalizi yake yalianza mapema zaidi. Ana alikuwa akichanganyikiwa kuona watu wana majina yao, kisha kamera ikiwaka wanaitwa majina mengine. Erice akabadilisha skripti: wahusika wanne wakuu wakapewa majina ya waigizaji wenyewe, Ana, Isabel, Teresa na Fernando. Ni badiliko lisilogharimu hata shilingi, lakini lilimwondolea mtoto mzigo wa kukumbuka kwamba anaigiza.

Uhariri nao unastahili kutazamwa mara mbili. Tazama sini ya kifunguakinywa. Familia nzima iko mezani, lakini hatuoneshwi hata mara moja wote wanne katika fremu moja. Kila uso umekatwa peke yake. Hakuna anayetamka kwamba vita vimeivunja nyumba hii, na chini ya udhibiti wa Franco haikuwa rahisi kulitamka. Mkasi wa mhariri ndio unaolisema. Waandishi wetu wa skripti wangempa mama machozi na maneno ya dakika tatu.

Kuhusu mwanga, Cuadrado alikuwa akipoteza uwezo wa kuona wakati wa kazi hii, na bado akatoa mojawapo ya filamu zenye mwanga mzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Madirisha ya nyumba yana vioo vya rangi ya asali, vilivyogawanywa kama vyumba vya sega, na karibu mwanga wote wa ndani unaonekana kupita humo. Bagamoyo tuna nyumba za namna hiyo bila kuzijenga. Zile za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe, zenye kuta nene na milango ya nakshi, hupokea mwanga kutoka upande mmoja tu, na sura ya mtu aliyeketi mbali kidogo na mlango hupata nuru upande huu na kivuli upande ule. Badala yake tunakimbilia ufukweni saa saba mchana, jua likiwa utosini, macho ya mwigizaji yamegeuka mashimo meusi. Ufuko wetu unatazama mashariki, kwa hiyo mwanga wake ni wa alfajiri, jua likitoka baharini. Jioni linazama nyuma ya mji.

Sauti ndiyo itakayowasumbua wengi. Wasichana wawili wanazungumza kitandani usiku kwa kunong'ona, na tunasikia hatua za baba huku wao wamelala. Mahali pengine wanaweka sikio kwenye reli kusubiri treni. Ndiyo maana filamu hii isitazamwe katika toleo ambalo DJ wa kutafsiri anazungumza juu ya picha. Naiheshimu kazi hiyo, imewafungulia watu wetu dunia kwenye vibanda vya video, lakini hapa sauti ya mtafsiri itazima kile hasa tunachopaswa kusikia. Tafuta yenye maandishi ya chini. Na ukitaka kurekodi mnong'ono Bagamoyo, kusi na kaskazi havitakupa nafasi nje, kwa hiyo rudi ndani ya zile kuta za mawe.

Njia ya kumficha mwigizaji jambo ili alipokee kwa mara ya kwanza ilifika mbali zaidi kwa Alfonso Cuarón wa Mexico, katika Roma ya mwaka 2018. Yalitza Aparicio, kijana aliyesomea ualimu kutoka Tlaxiaco, Oaxaca, hakuwa amewahi kuigiza. Cuarón alipiga picha kwa kufuata mfululizo wa hadithi, na waigizaji hawakupewa skripti nzima. Katika sini ya kujifungua alitumia madaktari na wauguzi halisi, na Aparicio hakujua mapema kwamba mtoto angezaliwa mfu. Lakini sini ya bahari, iliyopigwa kwenye ufuko wa Veracruz, ni jambo jingine. Aparicio hakujua kuogelea, na kamera ilipaswa kumfuata bila kukata kutoka mchangani hadi kwenye mawimbi. Likajengwa gati maalumu kuingia majini ili mkono wa kamera usafiri sambamba naye. Hapo hakuna kilichoachiwa bahati.

Nina msimamo mkali juu ya hili. Mfiche mwigizaji hadithi, usimfiche hatari. Hata ile sini ya kujifungua hunisumbua kila nikiitazama, kwa sababu uchungu wa mtu mzima aliyekubali kazi bila kujua yote si jambo jepesi. Kwa mtoto mpaka ni mwembamba zaidi: mzazi awe pale, na woga wake ukizidi kamera izimwe, hata kama picha ingekuwa nzuri.

Kwa nini nayaelekeza haya Bagamoyo? Tangu Chuo cha Sanaa kilipoanza mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, mji huu umefunda waigizaji kwa ngoma, sarakasi na jukwaa. Mwili wao umezoea kumfikia mtu wa safu ya nyuma kabisa. Ni hazina kubwa, lakini kamera iko umbali wa mkono, na uso uliokuzwa kwa ajili ya ukumbi huonekana wa uongo kwenye skrini. Marehemu Steven Kanumba aliwapa watoto nafasi kubwa katika Uncle JJ na This Is It, na watazamaji wakawapenda. Amil Shivji, katika Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, alithubutu kuuacha ukimya ufanye kazi. Msingi upo.

Anza na Colmena. Kisha tazama Cría cuervos ya Carlos Saura, ya mwaka 1976, yenye Ana Torrent yuleyule akiwa amekua kidogo. Fuata na La ciénaga ya Lucrecia Martel wa Argentina, ya mwaka 2001, usikilize zaidi ya unavyotazama, ndipo uende Roma. Mwisho tazama Cerrar los ojos, ambayo Erice aliitoa mwaka 2023, miaka 50 baada ya Colmena, akimrudisha Ana Torrent mbele ya kamera. Ukimaliza, waite watoto wa mtaa wako pamoja na wazazi wao, waonyeshe filamu ambayo hawajaiona, na uigeuze kamera iwatazame wao.