Shakila na Jim Reeves

Mimi si mwanamuziki. Sisomi nota, wala sijui majina ya maqamu ya muziki wa Kiarabu. Ni msikilizaji tu, wa redio ya jikoni na kaseti za kuazima. Lakini nyimbo za kantri za zamani na taarabu ya zamani ya Tanga nazipenda kwa jambo lile lile: waimbaji wake walijua kuimba kwa sauti ya chini.

Jim Reeves wa Texas hakuanza hivyo. Mwanzoni alipaza sauti kama wenzake wa kantri, halafu mwaka 1957 akaishusha, akasogeza midomo karibu kabisa na maikrofoni. Katika He'll Have to Go, wimbo wa mwaka 1959, mwanamume anampigia simu mpenzi wake huku akijua kuna mwanamume mwingine pembeni ya mpenzi huyo. Hatukani, halii. Anaomba jibu tu, na utulivu ule ndio unaotuumiza sisi tunaosikiliza. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1964 akiwa na miaka 40, na mpaka leo Afrika Mashariki wapo wazee wanaozijua nyimbo zake kwa moyo hata kama Kiingereza chao ni cha kuombea maji.

Sasa msikilize Shakila binti Said. Alizaliwa Pangani mwaka 1947, akaimba katika Black Star na Lucky Star, vikundi viwili vya taarabu vya Tanga mjini, baadaye akaimba katika taarabu ya JWTZ, jeshi la Tanzania, na alifariki Agosti 2016. Wimbo wake Macho Yanacheka ni wa mtu anayeonyesha furaha usoni huku ndani anaungua. Mwimbaji mwingine angeuimba wimbo kama huo kwa kilio. Shakila halii. Kila silabi anaitamka kamili, hata ukiwa chumba cha pili unalishika neno, na huzuni anaiachia irabu ya mwisho, anaivuta kidogo, basi. Heshima ya mwanamke wa pwani anayeficha yake mbele ya wageni imo katika namna ya kuimba, haimo katika maneno peke yake.

Na bendi ilimpa nafasi. Unguja, taarabu ya kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, ilisimama juu ya udi, kanuni na fidla nyingi. Tanga walikwenda njia yao: gitaa la umeme, besi, kinanda, ngoma chache. Haishangazi. Huu ulikuwa mji wa bandari, reli na mkonge, uliojaa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi, na dansi ilikuwa jirani wa taarabu mtaa kwa mtaa. Bendi za dansi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa za hapa hapa. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipitia Jamhuri kabla ya kwenda Kenya na kuunda bendi ya Simba Wanyika. Gitaa la Tanga basi lilikwisha kujifunza kuzungumza na mwimbaji bila kumkatiza. Mshororo ukiisha linaitikia, likimaliza linakaa kimya.

Tofauti ipo, tena kubwa. Mtunzi wa kantri husema wazi: nimeachwa, nimelewa, nataka kurudi nyumbani. Mtunzi wetu hufumba, na bado lazima atimize vina na mizani, mara nyingi mishororo mitatu kwa ubeti, vipande vya silabi nane nane. Kwangu hiyo ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu fumbo likizidi wimbo unakuwa kitendawili, na likipungua unakuwa matusi. Watunzi wa Tanga walijua pa kusimama.

Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star katika albamu iitwayo Nyota. Nashukuru, ila London si mahali pa kuhifadhia sauti za Ngamiani, mtaa wa Tanga. Santuri na kaseti nyingine bado zimo kwenye masanduku ya bibi zetu Tanga, Pangani na Muheza, na hewa ya bahari inazila. Kama unayo moja nyumbani, usingoje. Itafutie mtu mwenye mashine ya kuinakili, uandike majina ya waimbaji wakati wanaowakumbuka bado wapo, kisha wape redio za Tanga waipige.