Kurudi Kihambani: Nyumba Ije Mwisho

Familia nyingi zinazoamua kuacha maisha ya Kimara au Goba, Dar es Salaam, na kuhamia kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, walichorithi Machame, Marangu au Rombo mkoani Kilimanjaro huanza na nyumba. Fundi anapelekwa, migomba iliyo karibu na barabara inafyekwa, msingi unamwagwa. Nyumba inasimama, lakini fedha za maji, ng'ombe na miche zimekwisha, na mlango unafunguliwa Desemba tu. Kazi yote ilikuwa halali. Mpangilio wake ndio uliowaangusha.

Kihamba tayari ni kitu kilichojengwa. Juu kuna miringaringa na miti mingine ya kivuli, chini yake migomba ya mchare, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe haendi malishoni: anakula zizini majani ya migomba na mabua ya mahindi yanayopandishwa kutoka shamba la tambarare, na samadi yake inarudi kwenye mashina. Watafiti waliopima vihamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipata wastani wa hekta 0.68, yaani mita za mraba 6,800. Nyumba, uwanja na sehemu ya kugeuzia gari vikimeza mita za mraba 680, sehemu ya kumi ya urithi imekwenda. Na hiyo ni kabla ya kugawana na ndugu.

Kugawana ndiko kunakotangulia yote. Kikao cha ukoo kinapendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari wake na cheti cha kifo vinapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Mila humpa kitinda mimba nyumba ya wazazi, na wasichana mara nyingi hawatajwi. Hapo niseme wazi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, kwa hiyo mgao uliomruka dada ni mgao unaoweza kuvunjwa nyumba ikiwa imekwisha kuezekwa. Mipaka ikishakubaliwa, pandeni masale, mimea ya kuonyesha mpaka, mbele ya majirani, kisha ombeni kijijini hati ya hakimiliki ya kimila.

Halafu maji. Mifongo, ile mifereji ya zamani inayoteremsha maji kutoka mtoni, ina zamu na kamati zake, na anayerudi kutoka mjini hana budi kuingia kwenye kazi ya kuisafisha kama wengine. Lakini maji ya kunywa na ya zizini yapimwe kwa paa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 1,200 kwa mwaka, toa asilimia 20 inayopotea: lita 96,000. Swali gumu ni la kiangazi. Chukua watu watano, kila mmoja lita 20 kwa siku, na ng'ombe mmoja wa maziwa lita 60. Hizo ni lita 160 kwa siku. Kwa siku 120 zisizo na mvua ni lita 19,200. Kwa hiyo tangi la lita 20,000 linatosha kwa shida, na la lita 5,000 ambalo wengi hununua linakauka kabla ya siku 32 kwisha. Paa la zizi nalo litiwe mifereji ya bati, watu hulisahau.

Miche iingie mapema kuliko familia. Mgomba huchukua mwaka au zaidi kutoa mkungu wa kwanza, na mkahawa huanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Penye kahawa iliyozeeka, chukua aina za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na ubadilishe mstari kwa mstari ili kivuli kisipotee mara moja.

Nyumba sasa. Iwekwe palipokuwa na nyumba ya zamani, kwa kuwa udongo wa hapo umekanyagwa miaka mingi na hauna migomba ya kupoteza. Mtelemko unataka mtaro wa kukinga maji upande wa juu, uchimbwe kabla ya msingi. Vyumba viwili na jiko vinatosha kuanzia. Matofali ya kufungamana hupunguza saruji ya kujengea, na chumba cha tatu kinaweza kungoja mauzo ya kahawa.

Anayetaka kuhama mwaka kesho kutwa aitishe kikao cha ukoo mwaka huu. Na masika ijayo, kabla ya kumwita fundi, asimame kihambani mvua ikinyesha, atazame maji yanapita wapi.