Daftari la makosa la Donald Knuth

Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipokea prufu za toleo la pili la juzuu ya pili ya kitabu chake, The Art of Computer Programming. Toleo la awali lilipangwa kwa herufi za risasi, na kurasa zake zilipendeza. Hili lilipangwa kwa mtambo mpya wa kutumia picha, na alipoziona herufi zake moyo ulimshuka. Akaamua kuunda programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa, akitaraji likizo ya utafiti ya mwaka mmoja ingemtosha. Kazi hiyo, TeX, ilimshika kwa zaidi ya miaka kumi. Leo mwanafunzi wa hisabati anayeandika tasnifu kwa LaTeX, awe Dar es Salaam au Berlin, anasimama juu ya msingi huo.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia kwenye uzuri wa kurasa. Mimi huvutwa zaidi na daftari lililokuwa kando ya mashine.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Katika kiangazi cha 1977 Knuth alisafiri kwenda China, akawaachia wanafunzi wake wawili, Michael Plass na Frank Liang, maelezo ya namna TeX itakavyofanya kazi ili waanze kuiandika. Aliporudi alikuta wametekeleza sehemu tu. Wanafunzi hawa walikuwa hodari. Kasoro ilikuwa kwenye maelezo. Alipoketi kuiandika programu mwenyewe, kila baada ya dakika chache alikutana na swali ambalo karatasi yake haikulijibu. Yeye aliweza kuamua papo hapo na kuendelea; wao wangelazimika kumsubiri. Akahitimisha kwamba mbunifu wa kitu kipya lazima ashiriki kikamilifu kukiunda, na pia aandike mwenyewe mwongozo wa kwanza wa watumiaji, maana unapomweleza mtu jinsi ya kutumia kitu ndipo unapoona mahali ulipokifanya kigumu bila sababu.

Programu nzima aliiandika kwa mkono, kwa penseli, kabla ya kuigusa kompyuta. Machi 1978 akaanza kuiingiza na kuijaribu, na hapo ndipo daftari lilipofunguliwa. Kila badiliko alilolifanya kwenye TeX alilipa namba, akalieleza kwa maneno machache. Baada ya miaka kumi yalikuwa zaidi ya 850. Mwaka 1989 akayachapisha yote katika makala aliyoiita The Errors of TeX, yakiwa yamepangwa katika makundi 15, kila kundi na herufi yake.

Thamani ya kazi hii imo katika herufi hizo. Makundi tisa ni ya makosa hasa. Sita ni ya maboresho, kama vile kuongeza kasi au kurahisisha programu ihamie mashine nyingine. Katika yale tisa, A ni pale njia yenyewe ya kutatua tatizo ilipokuwa mbovu. B ni pale alipojua fika la kufanya lakini mkono ukaandika jingine. F ni kitu alichokusudia kukiweka akakisahau. M ni pale sehemu mbili za programu, zote kazi yake, ziliposhindwa kuelewana kwa sababu alisahau masharti aliyojiwekea. T ni kosa dogo la uchapaji. S ndilo zito: sehemu mbalimbali, kila moja ikiwa sawa peke yake, zinakutana kwa namna ambayo hakuiwaza, na inambidi abadili fikra zake za mwanzo.

Ukiyatenganisha hivyo, unajua pa kupeleka juhudi. T nyingi zinataka usomaji wa pili. M nyingi zinataka masharti yaandikwe mahali panapoonekana. S hazikomeshwi kwa umakini pekee, na kwa ajili ya mambo ya aina hiyo Knuth alitunga faili la majaribio liitwalo TRIP, matini isiyo na maana kwa msomaji, iliyotungwa kwa ukatili ili ifike kwenye vichochoro vyote vya programu.

Leo kuna Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya faili iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Huweza kukuonyesha kila mstari uliobadilika, na sioni namna ya kufanya kazi ya pamoja bila chombo kama hicho. Lakini haikulazimishi kusema kosa lilikuwa la aina gani. Usipoiandika, aina hiyo inabaki kichwani mwako, na kufikia Ijumaa imeshayeyuka. Ndiyo maana naamini herufi iandikwe saa ileile kosa linapogunduliwa, kabla aibu haijalipamba.

Kuna sharti moja. Knuth alijihesabia makosa yake mwenyewe, na hakuna aliyeshika mshahara wake mkononi akimsubiri ateleze. Palipo na bosi anayelitumia daftari kama faili la mashtaka, watu wataandika T kwa kila kitu, au hawataandika kabisa. Anayetaka kuuleta utaratibu huu kwenye timu aanze na makosa yake, ayaweke wazi mbele ya wote.

Mimi nina daftari la kurasa 96, la kawaida la shule, ninaloandikia makosa ya hesabu zangu za takwimu. Nilitumaini herufi yangu kuu ingekuwa A, dalili ya kuhangaika na mambo mazito. Imekuwa F. Nasahau kuondoa safu zenye majibu yanayojirudia, nasahau kubadili vipimo, nasahau kuhifadhi data ghafi kabla ya kuisafisha. Kwa hiyo sasa, kabla sijafungua kompyuta, nachukua penseli na kuandika kwenye nusu ukurasa kila kitu ambacho kazi ya siku hiyo inahitaji.