Dhahabu 240 Mkononi, Mzigo Utafuata

Unamuuzia Gandhi pamba yako ya pili. Anakupa dhahabu 240 papo hapo, zote mkononi, na pamba ataipokea kidogo kidogo kwa zamu 30. Zamu inayofuata unamtangazia vita. Mkataba unakufa, pamba inarudi ghalani kwako, dhahabu hairudi kwake. Hakuna deni wala anayekudai. Halafu unamgeukia Montezuma na marobota yaleyale.

Waliocheza gemu la Civilization V kabla ya nyongeza yake ya Brave New World wanaujua mchezo huu kwa moyo, na mpaka leo zinazunguka video za watu wakiuonyesha kwa majivuno, eti ujanja. Ujanja gani? Mlango uliachwa wazi, nao wakaingia. Lawama ninampelekea aliyejenga nyumba, kwa sababu mlango huohuo ulikuwa umeshafungwa miaka mitano nyuma, katika kampuni ileile ya Firaxis, na funguo zilikuwepo.

Tuanze na bei, maana watu wengi wanaitaja 240 kama mvua ya Mungu, bila kuuliza ilitoka wapi. Msimbo wa gemu ulipofunguliwa kwa watunga modi, hesabu ilionekana peupe: furaha 4 inayotolewa na anasa moja kama pamba, mara zamu 30 za mkataba, mara 2. Basi. Hiyo ndiyo thamani ya msingi ya hariri, ya divai, ya pembe za ndovu, ya manyoya. Baada ya hapo bei inapandishwa au kushushwa kulingana na kompyuta inavyokuona, na kama tayari ina anasa hiyo haikupi kitu.

Sasa tazama kisichokuwemo katika hesabu hiyo. Dola iliyo kwenye hasi kumi, miji imesimama kukua na askari wanapigana kwa uvivu, inaanzia 240. Dola yenye chanya ishirini, ambayo haijui hata furaha hiyo iitumie wapi, nayo inaanzia 240. Mwenye miji mitatu na mwenye miji kumi na minane wanasoma bango moja la bei. Na juu ya yote, hakuna popote ambapo mnunuzi anajiuliza swali la kwanza ambalo mtu yeyote anayelipia kitu kabla hajakipokea hujiuliza: huyu muuzaji atafika zamu ya 30?

Inachekesha zaidi ukimwomba alipe kwa awamu. Rafiki mzuri alikuwa anakupa dhahabu 7 kwa zamu. Saba mara thelathini ni 210. Yaani anayelipa taslimu, siku ya kwanza, akibeba hatari yote yeye, anatozwa 240, na anayelipa polepole huku mzigo ukiingia anatozwa 210. Nenda Kariakoo ukamwambie mwenye duka la jumla kwamba mali kauli iwe na bei nafuu kuliko fedha taslimu, uone kama atakukaribisha tena. Katika gemu linalojiita la ustaarabu, mfalme wa Waazteki anafanya hivyo kila baada ya zamu 30 na kushukuru juu yake.

Na 240 si hela ya karanga. Zawadi ya kwanza kwa dola-mji ni 250. Anasa mbili za ziada zilizouzwa mapema zinakuletea karibu mlowezi mzima bila mji mkuu kusimamisha ukuaji. Kuna jambo jingine ambalo wanaojisifu hawalisemi: ukipanda kiwango cha ugumu, kompyuta inapewa ruzuku, haiongezewi akili. Inajenga kwa bei nafuu, inatunza majeshi kwa bei nafuu, kwa hiyo sanduku lake la dhahabu limejaa. Kumbe ruzuku iliyowekwa ili ikutese inapitia meza ya biashara na kuishia mfukoni mwako. Anayecheza kiwango cha Deity alikuwa na wateja matajiri kuliko anayecheza cha chini. Mbunifu aliongeza maji upande mmoja wa pipa na kutoboa upande wa pili.

Haya yalitatuliwa zamani. Katika Civ III ya 2001, ambayo akili ya wapinzani wake iliandikwa na Soren Johnson, anasa zilikuwa nane, soko lilizidisha furaha yake ili mwenye zote nane apate nyuso ishirini za tabasamu katika mji mmoja, na bei ilimtazama mnunuzi: dola kubwa yenye miji mingi ilitozwa zaidi kwa ubani uleule, kwa sababu ubani huo ulifurahisha watu wengi zaidi. Unaweza kuuza kwa fedha ya mkupuo, ndiyo. Lakini vunja mkataba wa zamu 20 mara moja tu, uone. Habari zinaenea. Hakuna tena atakayepokea ahadi yako ya kulipa kwa zamu, hata umwage nini mezani, na doa hilo halifutiki. Lilikuwa na ukali wake, nakubali: vita ya watu wengine ikikata njia yako ya biashara, aliyechafuka ni wewe. Wengi walilia. Bado ninaona ni afadhali gemu linalokumbuka kupita kiasi kuliko lisilokumbuka kabisa.

Kisha ikaja Civ IV mwaka 2005, Johnson akiwa mbunifu mkuu, na hapo tatizo likamalizwa kwa kanuni moja fupi: kinacholetwa kwa zamu hulipwa kwa kitu kinacholetwa kwa zamu. Weka vito vyako mezani, na dhahabu ya mkupuo inatoweka upande wa pili. Yanabaki malipo ya kila zamu au rasilimali nyingine. Mmoja akivunja, vyote viwili vinakoma siku hiyohiyo na hakuna aliyeibiwa. Juu ya hapo, ukimuuzia adui mkubwa wa jirani, jirani anakuwekea alama mbaya na anakuambia kabisa kwa nini. Kila robota la hariri lilikuwa tamko la kisiasa. Na ziada usiyotaka kuuza ilipata kazi nyumbani: tangu nyongeza ya Beyond the Sword ya 2007, kampuni ya Civilized Jewelers iligeuza dhahabu, fedha na vito vyako kuwa utamaduni.

Basi njia zilikuwa mbili, zote zimejaribiwa. Ama mnunuzi akumbuke, kama III, ama meza ikatae, kama IV. Civ V chini ya Jon Shafer ikaja na njia ya tatu: isikumbuke wala isikatae. Sijui mjadala gani ungeweza kuitetea, na sijaona hata mmoja uliojaribu. Ni gemu hilohilo lililotuletea kikosi kimoja kwa kila kigae, ambacho nitakilalamikia hadi mniandikie barua za kunizuia. Shafer mwenyewe baadaye alikiri hadharani kwamba uamuzi ule ulizaa matatizo mengi. Kompyuta isiyoweza kupanga wapiga upinde wake watatu kwenye kilima ikapewa pia kitabu cha hundi.

Brave New World ya 2013, iliyoongozwa na Ed Beach, ni kazi nzuri: njia za biashara, mkutano wa dunia, hata karafuu za Indonesia kwa mwenye kuvuka bahari.

Ila dawa yake kwa ugonjwa wetu ilikuwa kufuli kwenye mlango usio wenyewe. Tangu hapo dhahabu ya mkupuo haitoki bila Tamko la Urafiki. Asiye rafiki analipa kwa zamu tu. Mapato ya haraka yakapungua, wezi wa mikataba wakanuna, na watu wakapiga makofi. Lakini tazama kilichofanyika. Kanuni ya Johnson ilihusu bidhaa: hiki ni cha zamu, kile ni cha papo hapo, havichanganyiki. Kanuni mpya inahusu mahaba. Ukishakuwa rafiki, 240 ipo palepale, hesabu ileile ya 4 mara 30 mara 2, hatari ileile kwa mnunuzi. Washenzi wakipora shamba lako la pamba, mkataba unakatika, rafiki yako hapati pamba wala hapati chenji. Unalitengeneza shamba, unamuuzia tena. Na urafiki wenyewe ukageuka kibali cha duka: mchezaji anamtafuta Gandhi zamu ya 45 kwa sababu ana akiba nono, wala si kwa sababu wana adui mmoja.

Anayecheza toleo hilo leo afanye jambo la busara: abadilishane anasa kwa anasa kwanza, furaha 4 kwa furaha 4, ndipo auze inayobaki kwa anayekubali 7.

Johnson, baada ya kuondoka Firaxis, alitengeneza Offworld Trading Company, iliyotoka 2016, ambamo kila unachouza kinashusha bei ya kile utakachouza baadaye. Ziada huko inakuuma. Mwaka huohuo Civ VI ikatoka, na dhahabu ya mkupuo ikarudi mezani bila hata lile kufuli la urafiki. Zanzibar imo humo kama dola-mji, na anayeidhamini anapata mdalasini na karafuu, kila moja ikitosha miji sita. Hilo ninalisifu bila aibu ya upendeleo. Lakini pembeni yake kompyuta inanunua anasa ya ziada kwa mkupuo kama kawaida, na tangu nyongeza ya Gathering Storm ya 2019 ukaongezwa upendeleo wa kidiplomasia, bidhaa inayojaa yenyewe ghalani kila zamu na ambayo wapinzani wanailipia kama waliokosa maji.

Civ VII ya Februari 2025 ikachoka. Meza ya kupatana bei imeondolewa, rasilimali zinakuja kwa njia za wafanyabiashara, na uhusiano unalipiwa kwa ushawishi. Hakuna tena wa kumdanganya, maana hakuna tena wa kuzungumza naye. Kanuni ya 2005 ingetosha.