Shika Kitambaa Kwanza

Kwenye vijiwe vya Tanzania, ukisikia "cha Arusha" ujue inazungumzwa bangi. Hakuna haja ya kutaja kitu chenyewe. Mji umeshakuwa chapa. Ajabu ni kwamba chapa hii, maarufu kuliko nyingi zilizosajiliwa, haina fulana yake. Fulana zenye jani la bangi zipo Arusha, ila zinasimulia habari za kwingine: Jamaika, Kalifornia, Colorado. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikizisoma kama ninavyosoma mashairi kwenye masomo yangu ya uzamili, na hoja yangu ni moja: tusiishie kwenye picha, tusome na kitambaa.

Nianze na ile ya watalii, inayouzwa karibu na Mnara wa Saa. Jani limetanda kifua kizima juu ya kijani, njano na nyekundu. Kitambaa ni poliesta nyepesi. Ukikinyanyua kwenye mwanga unaona vidole vyako upande wa pili. Fundi mmoja wa kuchapa fulana alinieleza kwa nini picha zake hazidumu. Wino ukikaushwa kwa joto kali, rangi ya poliesta hupanda ikaingia kwenye wino, na jani jeupe juu ya fulana nyekundu huishia kuwa la waridi. "Pamba inakunywa wino, dada," alisema. "Hii inaukataa." Ingekuwa shairi, ningesema umbo linabishana na maudhui. Picha inahubiri mmea na udongo, wakati nyuzi zenyewe zimetokana na mafuta ya petroli.

Ya pili niliikuta kwenye mitumba. Ni fulana ya matangazo ya duka la bangi la Denver. Colorado iliruhusu maduka kuuza bangi ya starehe kuanzia Januari 1, 2014, na maduka hayo, kama biashara nyingine yoyote, huchapa fulana. Zikichokwa huko, nyingine huingia kwenye belo. Hii ni pamba tupu, nzito, na shingo haijalegea japo imefuliwa sana. Jani ni dogo kama sarafu, limekaa upande wa moyo, pale ambapo benki huweka nembo yake. Aliyechagua kitambaa hiki alijua anachofanya. Pamba nzito inasema: tuna leseni, tunalipa kodi, tutakuwepo mwakani. Ndiyo njia iliyopitiwa na jina la Bob Marley mwenyewe, ambalo mwaka 2014 lilitangazwa kuwa chapa ya bangi, Marley Natural.

Kama kazi ya mikono, fulana ya Denver inaishinda ile ya watalii kwa mbali. Kama matini, ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ya mahali ilipotua.

Kisimiri Juu, wilayani Arumeru, iko kwenye miteremko ya Mlima Meru. Jina la Kisimiri limevuma kwa mambo mawili. Mwaka 2016 shule yake ya sekondari iliongoza kitaifa katika matokeo ya kidato cha sita. Na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imepanda huko kufyeka na kuteketeza mashamba ya bangi. Sheria ya mwaka 2015 inakataza kuilima, na mahakama zetu zimewahi kuwafunga watu miaka 30 kwa makosa ya bangi. Siandiki kuitetea, najua familia zilizoumizwa nayo. Ninachokosoa ni usafi wa lile jani dogo. Limeoshwa udongo wote, pamoja na watu wanaoupalilia.

Kuna fulana ya tatu ambayo sijaiona hapa: ile iliyofumwa kwa nyuzi za mmea wenyewe, ambazo kwingineko huchanganywa na pamba ili zilainike. Kwetu hata kuitaja ni kazi. Ukisema katani, wengi wanaona mkonge wa Tanga, mmea ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na huko lilihusu kitani, mmea mwingine kabisa. Katani imehama kutoka mmea hadi mmea, lakini masikioni mwa wengi bangi imebaki moshi tu. Haijawahi kuwa uzi.

Nilimuuliza mama mmoja muuza mitumba kama wateja wake huliogopa jani. Alicheka. "Mwanangu, wateja wangu hawasomi. Wanashika." Nikakaa pembeni kuangalia, na ni kweli. Wanasugua kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, wanavuta shingo, wanakagua kwapa. Baridi ya Juni na Julai ikishuka kutoka Meru, uzito wa pamba una maana kuliko nembo. Ngaramtoni nimemwona mzee amebeba madumu ya maziwa, jani kifuani, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Wasomaji hawa wananizidi. Wameanza na kitambaa bila kufundishwa na mtu, na kwao jani halina uzito kuliko kifungo kilichokatika.

Lakini si kila mvaaji ana uhuru wa yule mzee. Kijana wa Arusha akitaka kuchapa fulana ya "cha Arusha" na kuniuliza achague kitambaa gani, nitamwambia pamba, na iwe nzito. Kisha nitamwomba aifikirie mwilini mwa kijana mwenzake wa Kisimiri Juu, asubuhi ambayo magari ya operesheni yanapanda mlima. Huyo atataka kuivua haraka, hata iwe pamba nzuri kiasi gani.