Nani Ameishika Saundikadi?

Sauti inapogoma kwenye studio ndogo za Moshi, ushauri unaotolewa upesi kuliko wote ni kupiga Windows upya. Fundi anakuja na flashi yake, anafuta kila kitu, mchana unaisha, na jioni laptopu inawaka ikiwa nyepesi. FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, inafunguka, maiki inasikika, fundi analipwa chake. Wiki haijaisha, tatizo limerudi vilevile. Ushauri huo naupinga, na siupingi kwa sababu ya muda unaopotea tu. Kupiga Windows upya kunafuta ushahidi. Kompyuta ilikuwa inaonyesha kinachoisumbua, na kabla hakijasomwa kimeshafutwa.

Mfano wa leo ni studio moja ya Majengo, chumba kimoja chenye magodoro ukutani, iliyokuwa inarekodi kwaya ya usharika mmoja wa Uru. Vifaa ni vya kawaida: laptopu ya mtumba yenye Windows 10, saundikadi ya nje ya USB yenye matundu mawili, maiki ya kondensa, hedifoni na spika mbili. Wanakwaya ni wakulima, walimu na wanafunzi. Jumapili wana ibada, katikati ya wiki wana shughuli zao, kwa hiyo siku yao ni Jumamosi, na nauli ya hiace ya kushuka mjini na kurudi wanachangishana wenyewe. Jumamosi ikipotea, imepotea na fedha yao. Kwa sababu hiyo suala la draiva, ile programu ndogo inayoiunganisha Windows na kifaa, ambalo wengi wanaliona la watoto wa kompyuta, mimi nalichukulia kwa uzito.

Malalamiko yalikuwa matatu. Siku nyingine FL Studio ilikataa kabisa kuifungua saundikadi. Siku nyingine iliifungua, lakini sauti ikawa inakwaruza na kukatikakatika. Na wimbo uliorekodiwa wiki iliyotangulia, ulipofunguliwa tena, mwalimu wa kwaya alisema ufunguo umeshuka. Prodyuza aliyapa yote matatu jina moja: draiva zinagombana. Ugomvi wa draiva ulikuwepo kweli, ila kwenye lalamiko moja tu kati ya hayo.

Tuanze na hilo, la FL Studio kukataa kuifungua saundikadi. Ndani ya Windows kuna njia mbili za kuifikia saundikadi. Ya kwanza ni ya wote. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, sauti ya kivinjari, ya WhatsApp na ya kengele za Windows zenyewe huingia kwenye injini moja, zikachanganywa, ndipo zikapelekwa kwenye kadi. Ya pili ni ya mmoja: programu inairuka injini hiyo na kuishika kadi peke yake. ASIO, mfumo wa draiva za sauti, ilibuniwa na Steinberg, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza Cubase, katika miaka ya 1990, kwa ajili ya njia hii ya pili, ili mwanamuziki asisubiri foleni. Draiva bora ya ASIO ni ile iliyoandikwa na mtengenezaji wa saundikadi yenyewe. Saundikadi nyingi za bei nafuu hazina draiva ya namna hiyo. Zinajitambulisha kwa jina la jumla, "USB Audio CODEC", na kuendeshwa na draiva ya kawaida ya Windows. Pengo hilo huzibwa na ASIO4ALL ya Michael Tippach, inayoipa programu ya muziki sura ya ASIO huku nyuma ikizungumza na draiva ya kawaida. FL Studio ya Image-Line wa Ubelgiji, ambayo hadi mwaka 2003 iliitwa FruityLoops, nayo ina ASIO yake inayopita kwenye injini ya Windows. Cubase ina yake. Kadi ya ndani ya laptopu mara nyingi nayo ina yake.

Basi laptopu ile ilikuwa na majina manne ya ASIO, na saundikadi ya kufanyia kazi ni moja. Majina hayo huandikwa kwenye rejista ya Windows, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\ASIO, na programu ya muziki inapokuonyesha orodha inasoma hapo. Haichunguzi kama draiva ipo au ilishaondolewa. Moja kati ya yale manne lilikuwa jina tupu la draiva iliyofutwa zamani. Kila aliyelichagua alipata ujumbe wa kosa, akaamini saundikadi imekufa.

Lakini jina tupu halikuwa kiini. Kiini kilikuwa ASIO4ALL na kivinjari. ASIO4ALL inaiomba kadi moja kwa moja. Ikikuta injini ya Windows imeshaishika, kwa mfano kwa sababu YouTube iko wazi na mteja anasikilizisha wimbo anaotaka wake ufanane nao, inanyimwa, na kwenye paneli yake kadi hiyo inawekewa alama ya msalaba mwekundu. Ikitangulia yenyewe, YouTube ndiyo inayobaki bubu. Aliyewahi ndiye mwenye kadi. Kumbe kile kilichoitwa "leo inakubali, kesho inakataa" hakikuwa bahati nasibu hata kidogo. Ilikuwa ni mpangilio wa nani amefunguliwa kwanza. Na hapa ndipo siri ya kupiga Windows upya inapofichuka: baada ya Windows mpya, FL Studio hufunguliwa kwa majaribio kabla mtu hajaingia YouTube, na fundi anaondoka akiwa ameona kwa macho yake kwamba kazi inakwenda.

Uthibitisho haukuhitaji kifaa chochote. Laptopu ikazimwa na kuwashwa, ikafunguliwa FL Studio peke yake: ikakubali. Ikafungwa, ikafunguliwa YouTube na wimbo ukapigwa, kisha FL Studio: ikakataa. Ikarudiwa kwa mpangilio uleule, ikakataa tena. Kosa unaloweza kuliita likaja, umeshalijua linapokaa.

Dawa ilikuwa kugawa mali. Kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, spika ya ndani ya laptopu ikafanywa kifaa cha msingi, na pia kifaa cha mawasiliano, ili simu ya WhatsApp ikiingia isiiguse saundikadi ya nje. Kwenye paneli ya ASIO4ALL ikaachwa saundikadi ya nje tu, ya ndani ikazimwa. Draiva mbili zisizotumika zikaondolewa kwa kuzisanidua rasmi, na lile jina tupu likafutwa kwenye rejista baada ya kutunza nakala. Hakuna kilichonunuliwa.

Mji huu ulirekodi nyimbo na neno la Mungu kwa utaratibu mzuri muda mrefu kabla ya kompyuta. Studio ya Sauti ya Injili hapa Moshi ilikuwa ikitayarisha vipindi vya Kiswahili kwenye utepe na kuvipeleka Addis Ababa, vikarushwe na redio ya Walutheri iliyoanza matangazo mwaka 1963 na kutaifishwa na serikali ya kijeshi ya Derg mwaka 1977. Mashine ya utepe haikuwa na swali la umiliki. Aliyebonyeza kitufe cha kurekodi ndiye aliyeishika. Kompyuta imetupa mengi, lakini swali la nani ameishika kadi imetuachia wenyewe, na shule chache zinalifundisha.

Kuna kimtego kidogo cha kando ambacho nimekiona mara nyingi. Saundikadi isiyo na namba yake ya utambulisho, ukiichomoa kwenye tundu moja la USB na kuichomeka jingine, Windows huihesabu kama kifaa kipya na kukipa jina lenye tarakimu mbele: "2- USB Audio CODEC", kesho "3-". Mipangilio yote uliyoifanya imebaki kwenye jina la kwanza. Bandika alama kwenye tundu moja na usilihame.

Sasa lalamiko la ufunguo kushuka, ambalo kwangu ndilo lenye utamu kuliko yote. Kwaya ilikuwa imeimba bila ala, mwalimu akiwapa ufunguo wa G kwa kinanda, biti itengenezwe baadaye. Wimbo ulipofunguliwa wiki iliyofuata sauti za akina mama zilikuwa nzito, na sauti ya nne imezama. Prodyuza akasema kwaya ilishuka yenyewe. Ni kweli kwaya isiyo na ala hushuka, lakini hushuka polepole, ubeti kwa ubeti, na huu ulikuwa umeshuka tangu noti ya kwanza. Mwalimu akakaa kwenye kinanda kuitafuta doh. Akabonyeza F, ikawa chini mno. Akabonyeza F kali, ikawa juu. Wimbo ulikuwa katikati ya vitufe viwili, mahali ambapo hakuna kwaya inayotua kwa pamoja, sauti zote nne, kwa bahati mbaya tu.

Mwalimu alikuwa amerekodi pia kwa simu yake siku ileile. Kwenye simu wimbo ulikuwa wa dakika 4 kamili. Kwenye kompyuta ulikuwa wa dakika 4 na sekunde 21. Gawanya sekunde 261 kwa 240 upate 1.088. Gawanya 48,000 kwa 44,100 upate 1.088 hiyohiyo. Kesi imekwisha. Saundikadi ilikuwa inachukua sampuli 48,000 kwa sekunde, kipimo cha kazi za video, huku FL Studio ikiandika kwenye faili kwamba ni 44,100, kipimo tulichorithi kutoka kwenye CD. Faili lenye sampuli nyingi likapigwa kwa mwendo wa sampuli chache, na sauti ikashuka nusutoni moja na karibu nusu ya nyingine. Windows ilikuwa imewekwa 48,000, mradi umewekwa 44,100, na draiva ya katikati ikawakubalia wote wawili bila kupiga kelele.

Habari njema ni kwamba sauti ya kwaya haikuharibika hata chembe. Kilichokosewa ni maandishi tu. Faili lilifunguliwa kwenye Audacity, kwenye menyu ya wimbo kipimo kikabadilishwa kuwa 48,000 pasipo kukokotoa upya sampuli, na G ikarudi kuwa G. Wanakwaya hawakuitwa tena mjini. Studio ingepiga Windows upya na kufuta mradi ule, au ingemwamini prodyuza na kuwarudisha watu wa Uru Jumamosi nyingine kuimba kitu walichokwisha kukiimba vizuri, hasara ingekuwa ya kweli.

Baada ya hapo vipimo vikalinganishwa mahali pote patatu: kwenye sifa za kifaa ndani ya Windows, kwenye ASIO4ALL na kwenye mradi. Mimi napendelea 48,000, kwa kuwa nyimbo nyingi za kwaya siku hizi zinaishia kwenye video, lakini la msingi ni kwamba pasiwepo mahali pawili penye namba mbili.

Kukwaruza kulikuwa jambo jingine kabisa. Prodyuza alipoulizwa kunaanza saa ngapi, alijibu kwa hakika: umeme ukikatika. Jibu limo humohumo. Laptopu ikihamia kwenye betri, Windows inapunguza mwendo wa prosesa ili chaji idumu. Bafa, yaani akiba ya sampuli zinazosubiri zamu yake, iliyokuwa inatosha ikawa haitoshi, prosesa ikachelewa kuijaza, na kila ilipochelewa pakatokea mkwaruzo. Draiva haikuwa na hatia. Mpango wa umeme ukawekwa kwenye nguvu kamili hata kwenye betri, uzimaji wa matundu ya USB kwa ajili ya kubana matumizi ukaondolewa, na Wi-Fi ikazimwa wakati wa kurekodi, kwa sababu draiva za Wi-Fi zina tabia ya kumkatiza prosesa kwa ghafla. Programu ya bure ya LatencyMon inaonyesha ni draiva gani inayomkatiza na kwa muda gani. Nashauri kila studio iwe nayo kabla ya kumlaumu mtu.

Bafa yenyewe inahitaji kueleweka kwa hesabu. Sampuli 512 kwa kipimo cha 48,000 ni milisekunde 10.7. Sauti inaingia na kutoka, kwa hiyo mwimbaji anajisikia kwenye hedifoni baada ya zaidi ya milisekunde 21, muda ambao sauti hewani ingesafiri zaidi ya mita 7. Yaani anajisikia kama mtu aliyesimama benchi za nyuma kanisani. Mwimbaji wa solo ataanza kuburuta. Wakati wa kuimba tulishuka hadi 128, na plagini nzito zikazimwa. Wakati wa kumiksi, ambapo hakuna anayeimba, 1,024 inampa prosesa nafasi ya kupumua.

Na ukisikia mvumo mzito unaotoweka ukichomoa chaja, hiyo ni habari ya umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde na waya wa ardhi. Usiutafute kwenye draiva.

Limebaki moja ambalo studio nyingi zitakutana nalo. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu za mtumba zinahamishwa kwenda Windows 11, mara nyingi na fundi yuleyule mwenye flashi. Kabla hujamkabidhi, hakikisha kwa mtengenezaji wa saundikadi yako kwamba draiva ya Windows 11 ipo, ipakue, iweke kwenye flashi yako mwenyewe, na piga picha ya mipangilio yote ya sauti kwa simu: kifaa cha msingi, kipimo cha sampuli, bafa, na jina la ASIO lililochaguliwa. Kama una kwaya Jumamosi, subiri Jumatatu.